Aliyekwama Kitonga si sawa na aliyelala

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo mtu aliyekosa mtihani wa nadharia wa udereva aliopangiwa anastahili kulipa upya. Nikiwa mwalimu wa udereva hapa Iringa, jibu langu ni kwamba anayetoweka bila taarifa alipe, anayetoa taarifa mapema asilipe, na kati ya hao wawili yupo wa tatu ambaye taratibu nyingi humsahau.

Ndugu zetu walioko Uingereza wanaijua kanuni ya kule: mtihani wa nadharia hulipiwa pauni 23, na anayetaka kuuahirisha au kuufuta hana budi kufanya hivyo zikiwa zimesalia siku tatu kamili za kazi, la sivyo ada yake imekwenda na maji. Siku ya kutoa taarifa haihesabiwi, wala siku ya mtihani wenyewe. Kwa hiyo mwenye mtihani Alhamisi akingoja hadi Jumatatu asubuhi, amekwisha kuchelewa. Wapo wanaoiona kali. Mimi naiona ya haki, kwa sababu kiti kilichoachwa mapema humpata mtu mwingine, ilhali kilichoachwa asubuhi ya mtihani hakimfai yeyote.

Huku kwetu, hata hivyo, kanuni kama hiyo ingegongana na barabara. Mwanafunzi wa Ruaha Mbuyuni lazima apande Kitonga ili afike Iringa mjini, na kila msafiri wa barabara ya Tanzam anajua kwamba lori la mizigo likilala pale konani, huku mlima na huku korongo, foleni hutanda pande zote mbili na pa kuchepukia hakuna. Kumtoza ada mpya mtu aliyedamka, akapanda basi na kukwama humo ni kumwadhibu kwa kosa la dereva asiyemjua. Apangiwe zamu inayofuata bila malipo, mradi apige simu kabla ya mtihani kuanza. Udanganyifu hautatusumbua sana, maana habari za Kitonga makondakta huwa nazo kabla ya redio.

Kuhusu misiba sina la kubishana, mtu aachwe akazike. (Wapo ambao bibi yao mmoja hufariki kila zinapofika siku za mitihani, lakini hao hujulikana.)

Ninayemtetea zaidi ni yule anayeahirisha kwa kuwa hajaiva. Mwulize mwanafunzi kwa nini dereva hatakiwi kuteremka Kitonga au Mlima Iwambi gia ikiwa nyutro. Akijibu kwamba swali hilo halimo kwenye kitini, hajawa tayari, hata kama amezikariri alama zote za barabarani. Hajaelewa bado kwamba gia ndogo ndiyo inayoifanya injini isaidie kulizuia gari, na kwamba breki zikikanyagwa mteremko mzima hupata moto na kuacha kushika. Mtu wa namna hii akiogopa kupoteza ada, ataingia kwenye chumba cha mtihani kubahatisha, na huenda akabahatika.

Kwa hiyo ningependa tarehe ya mwisho ya kuahirisha iandikwe kwenye risiti papo hapo mtu anapolipia, pamoja na namba ya simu ambayo inapokelewa hata saa kumi na mbili asubuhi, wakati wanafunzi wa mbali wako njiani tayari.

Mwalimu wa udereva, Iringa