Unataka uzamivu wa watu na roboti? Anzia barazani

Vijana wanaonifuata kuuliza habari za shahada ya uzamivu kuhusu watu na roboti huanza karibu wote na mashine: Nao au Pepper, roboti zenye umbo la mtu, bei gani, nani ataniazima. Mimi huwaambia waanze na watu. Fani hii inachunguza namna binadamu anavyokaa na kitu kinachomtazama na kumjibu, na kukaa na watu ni jambo tulilolelewa nalo Unguja na Pemba.

Mengi yaliyomo vitabuni yametoka Marekani, Ulaya na Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, pale chuo cha MIT, Marekani, Cynthia Breazeal alitengeneza Kismet, kichwa cha roboti chenye masikio, nyusi na midomo ya kuonyesha furaha au huzuni. Kazi nzuri, isome. Lakini majaribio mengi yaliyofuata yana sura moja: mtu mmoja, roboti moja, chumba kimya. Nenda Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, jioni, wakati wa kahawa na dhumna, umtafute huyo mtu mmoja.

Nilipoiweka Nao barazani (ina sentimita 58 hivi, inapita goti la mtu mzima kidogo tu), hakuna aliyezungumza nayo peke yake. Mmoja aliuliza, wa pili akamsahihisha, wa tatu akaijibia. Mzee mmoja akaisalimia, "Assalaam aleikum." Mtandao ulikuwa mzito, jibu likachelewa. Mzee akangoja, akainama kidogo kuitazama usoni, kisha akanigeukia: "Mwanangu, mbona huyu haitikii?" Kijana aliyeshika dhumna zake akadakia, "Bado mdogo, ami." Wote wakaridhika, mchezo ukaendelea. Roboti ilikuwa imeshapewa umri na sababu ya kusamehewa, na mtetezi juu yake. Hakuna dodoso ambalo lingenionyesha hayo.

Na dodoso lenyewe lina tabu yake. Linalotumika sana ni Godspeed, lililotolewa na Christoph Bartneck na wenzake mwaka 2009. Linapima mambo matano, yakiwemo kupendeza, akili na usalama, kwa alama 1 hadi 5. Litumie, kwa sababu watahini watakuuliza. Ila kwetu mgeni hasemwi vibaya mbele ya aliyemleta. Mtu atakupa 5 kila mstari, kisha akuulize kama umeshakula. Hiyo ni adabu, na ni data pia, lakini si data ya roboti.

Kwa hivyo rekodi sauti, usikilize viambishi. Kiswahili kinamlazimisha msemaji achague: roboti anakuja au inakuja, huyu au hii. Katika rekodi zangu mtu yuleyule alibadilisha ndani ya mazungumzo mamoja. Ikiwa kwenye chaja, "hii imejaa?" Ikishamgeuzia uso, "huyu ananitazama mimi." Ikianguka, watoto wote kwa sauti moja: "Kaanguka!" Andika kila badiliko pamoja na kilichotokea sekunde chache kabla yake. Usikimbilie kusema wameiona binadamu. Paka naye huanguka kwa kiambishi hichohicho. Unachokipata ni wakati hasa kitu kinapopewa uhai na wakati kinaponyang'anywa, na kwangu hiyo ndiyo sura nzito kuliko zote katika tasnifu.

Salamu zipangie muda mrefu kwenye programu. Roboti inayosema "hujambo" na kurukia swali la utafiti huonekana haina malezi. Iulize watu wameamkaje, watoto, hali ya kazi, na ingoje majibu. Unukuzi fanya mwenyewe. Ukiwa Wete au Makunduchi, programu za kutambua sauti zitakupotezea maneno mengi ya lahaja za huko.

Sheha, kiongozi wa shehia, umuone mapema ukiwa na kibali chako, na roboti aione yeye kwanza. Usipange kikao kikagongana na sala. Kinamama wengi watakubali kurekodiwa sauti na kukataa video, nawe usibembeleze.

Suala la kujificha nalichukulia kwa uzito zaidi. Watafiti wengi huiendesha roboti kwa siri kutoka chumba cha pili, washiriki wakidhani inajiendesha. Njia hiyo inakubalika kitaaluma, lakini jua unabeba nini. Joseph Weizenbaum alipoitoa ELIZA mwaka 1966, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa swali, alishtuka kuona watu wanaifungulia mioyo. Na wewe utasikia habari za ndoa, za maradhi, za mtoto aliyeko Muscat asiyepiga simu. Mtu aliyeyasema hayo akidhani hakuna binadamu anayemsikia ana haki ya kuambiwa ukweli siku ileile, ana kwa ana, na kufutiwa rekodi yake akitaka. Liandike hilo kwenye maombi ya kibali cha maadili hata kama fomu haikuulizi.

Watoto wa skuli waambie tangu siku ya kwanza kwamba roboti itaondoka, na uwatajie lini. Wakumbushe kikao cha kabla ya mwisho, kisha waache waiage watakavyo, huku kamera imezimwa. Matokeo yakiwa tayari, rudi uyasome kwa Kiswahili pale pale barazani, kabla ya kuyapeleka kwenye jarida. Wazee watakukosoa. Chukua daftari.