Mkono wangu, daftari la oda na karatasi niliyokataa kusaini

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Novemba ya mwaka juzi nilikuwa ndani ya Kosta, yale mabasi madogo, nikirudi mjini kutoka Kilosa. Dereva akalipita lori kwenye kona, akakutana na gari uso kwa uso, akaikwepa na kutuingiza mtaroni. Mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Kwa fundi, mkono huo ndio duka lenyewe.

Siku ya tatu wodini alikuja ndugu wa mwenye gari na kilo mbili za sukari, bahasha ya laki mbili na karatasi. Alizungumza kwa upole sana. Ajali ni mipango ya Mungu, dada, tusifikishane mbali. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, mama alishaishika kalamu aandike jina kwa niaba yangu. Muuguzi wa zamu akamwambia, "Mama, asomewe kwanza." Niliposomewa, ilikuwa inasema nimelipwa fidia yangu yote na sitadai tena, kwa mwenye gari wala kwa kampuni ya bima. Kwa laki mbili! Na mkono ulikuwa haujapigwa hata picha ya pili.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukiwa bado na hogo, yaani plasta ngumu ya mvunjiko, usisaini chochote cha kumalizana. Sukari pokea, pole pokea, msamaha mpe mwenzio kama moyo wako umeridhia. Lakini huwezi kukubali bei ya jeraha ambalo daktari mwenyewe hajajua litaishia wapi.

Wengi huona aibu kudai. Nami niliona. Yule dereva alikuwa kijana mwenye watoto, nikajiuliza nitamfilisi vipi. Mjomba wangu aliyewahi kuwa trafiki ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Tanzania inalazimisha kila gari la barabarani liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na abiria aliyelipa nauli yumo. Mwenye gari ameshalipia bima hiyo kwa ajili ya siku kama ile. Na kama dereva ameajiriwa, mwenye gari naye anawajibika kwa uzembe wa dereva wake. Kukaa kimya hakumsaidii yule kijana.

Kitu kingine kinachowapoteza watu ni faini. Dereva wetu alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akatozwa faini. Abiria wenzangu kadhaa wakaona kesi imekwisha. Faini inakwenda serikalini, majeruhi hapati hata ya panadol. Fidia ni dai lako mwenyewe, unalifungua kando na kesi ya trafiki. Hukumu ile ya trafiki omba nakala yake, kwa sababu dereva aliyekiri uzembe mahakamani amekurahisishia kazi.

Makaratasi yaanze siku ile ile, na kama wewe huwezi kusimama, mtume ndugu. Namba ya gari, namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi), nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kabla haijabaki hospitali, ramani ya tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari. Bima ya gari huhakikiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa hiyo usitegemee stika ya kwenye kioo peke yake.

Risiti nazo. Mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi, na Mahakama ya Rufani iliusema wazi katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992: hasara mahususi, yaani fedha zinazohesabika ulizotumia au kupoteza, lazima itajwe na ithibitishwe. Maumivu hakimu atayapima kwa busara yake, lakini nauli ya bajaji kwenda kliniki bila karatasi ni kama hukuitumia. Mdogo wangu alimwandikisha dereva wa bajaji kila safari kwenye kijitabu cha risiti cha dukani, na zilikubaliwa.

Mimi sina hati ya mshahara. Kilichoniokoa ni daftari la oda, lenye jalada la bluu na mafuta ya mashine kwenye kurasa. Jina la mteja, gauni au sare, bei, alichotanguliza, anachodaiwa. Novemba hadi Januari ndio msimu wangu, Krismasi ikifuatwa na sare za shule. Tulinakili miezi hiyo ya miaka miwili iliyotangulia, tukaweka pembeni kurasa tupu za msimu ule. Kampuni ya bima ilikuwa imeanza na milioni moja na nusu, wakati risiti za matibabu peke yake zilipita milioni mbili. Baada ya daftari, mazungumzo yalibadilika.

Jihadhari na vishoka, watu wanaojifanya mawakili, wanaozunguka wodini wakiahidi kukufuatilia kila kitu kwa nusu ya fedha. Wakili wa kweli unamhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Huna uwezo? Kuna msaada wa kisheria wa bure, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake) ni baadhi ya wanaoutoa. Ukikwama na kampuni ya bima, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nayo haitozi. Aliyeumia akiwa kazini, kama konda wetu, aulize pia habari za WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na fedha ziingie kwenye akaunti yako wewe, si ya mtu mwingine yeyote.

Angalia kalenda. Dai la uzembe lina miaka mitatu mahakamani, na barua za "tunalishughulikia" hazisimamishi hesabu hiyo.

Mimi nilisubiri miezi saba, mpaka daktari alipoandika ripoti ya mwisho na asilimia ya ulemavu wa kudumu. Nilimwomba aongeze mstari mmoja, kwamba vyuma vilivyomo mkononi vitahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine, na makadirio ya gharama. Bila mstari ule kampuni ya bima isingeulipia upasuaji huo. Upasuaji wenyewe ni Juni hii.