Kobe kwenye feri: nilipima kila kitu isipokuwa mkia

Jumatatu nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Nakuru. Amenunua matatu iliyostaafu, ameweka kitanda na jiko, na Desemba anataka kuja nayo na familia mpaka Lamu. Swali lake lilikuwa fupi: feri ya kupandisha gari kwenda Lamu iko wapi, na gari la kulala hutozwa ngapi?

Ndugu yangu, haipo. Ukitoka hapa Malindi unapita Garsen, unapita Witu, unakwenda na lami mpaka Mokowe, na Mokowe gari linabaki. Nyinyi na mabegi yenu mnapanda boti. Mji wa Lamu vichochoro vyake ni vya punda na mkokoteni, na hata ungelifikisha gari kwa miujiza, lingekwama kwenye kona ya kwanza. Nyumba yako utaiacha bara na mlinzi, ukalale kwenye nyumba ya watu.

Nilimjibu hivyo nikadhani yamekwisha. Lakini neno feri lilinitonesha kidonda, na usiku ule sikulala vizuri. Maana mimi gari langu la kulala nimelipandisha feri, na ukoo mzima unajua kilichotokea.

Wageni wa ukurasa huu wacha niwatambulishe kwa Kobe. Kobe ni Toyota HiAce iliyobeba abiria kati ya Malindi na Mombasa mpaka viti vikatoa sponji. Nilipoinunua ilikuwa bado na mstari wa njano ubavuni. Majirani walipoona naingiza kitanda na sufuria ndani ya gari, wakasema fundi sasa anatembea na nyumba mgongoni, na jina likakaa. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Maweni, na kazi ya ndani niliifanya mwenyewe jioni baada ya kazi za watu. Kitanda ni cha mbambakofi, kinakunjwa kikawa meza. Droo zina vigingi vya mbao zisifunguke kwenye matuta. Nilipima mpaka urefu wa mke wangu akilala chali na akilala ubavu. Wewe unayesoma hapa najua unalo gari lako kichwani, au unalo tayari uani, kwa hiyo sina haja ya kukueleza raha ya kuvuta droo uliyoitengeneza mwenyewe ikafunga bila sauti.

Nyuma ndipo nilipoharibu. Nafasi ya ndani ilikwisha, nikamwambia fundi wa kuchomelea aniongezee keria ya chuma, sentimita 80 kutoka bampa ya nyuma, ya mtungi wa gesi na mapipa mawili ya maji. Chini ya keria nikaning'iniza tangi la lita 40 la maji machafu ya kuoshea vyombo. Kati ya bomba la lile tangi na ardhi, shubiri moja haikutimia. Nilimuuliza fundi kama si chini mno. Akasema, "Bwana, unaenda nayo vitani?" Tukacheka. Malindi hakuna mlima, na shubiri inatosha kwenda Watamu na kurudi.

Desemba 2024, shule zimefungwa, tukaamua kwenda Diani. Mimi, mama watoto na watoto wawili ndani ya Kobe, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nyuma yetu na gari lake dogo. Tulipofika Mtwapa kunywa chai akaniambia, "Shemeji, na huo mkia wako pitia Dongo Kundu. Barabara ni mpya, madaraja yapo, hugusi maji."

Nilikasirika. Sijui kwa nini, lakini nilikasirika. Sisi watu wa Malindi tumekulia feri. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991, huwezi kwenda Mombasa bila kushuka pale kijitoni ukangoja zamu. Mamangu alikuwa akinishika mkono, tunashuka basini na kapu la maembe, tunavuka tukiwa tumesimama. Leo mtu aje kuniambia niikimbie feri ya Likoni, ya kuvukia kutoka Mombasa kwenda Diani? Nikamwambia yeye apite Dongo Kundu kama anaogopa. Akasema hapana, atanifuata. Sasa najua alikuwa anafuata nini.

Foleni tuliingia saa tatu na nusu. Karani wa malipo akamtazama Kobe, akatazama ngazi ya nyuma, akatazama mapazia ya maua ya mke wangu. Feri ya Likoni wanaokwenda kwa miguu hawalipi, na magari hulipa kwa ukubwa. "Mzee, hili tuliite nini?" Nikamwambia ni nyumba. Akasema nyumba hana bei yake. Tukacheka, nikalipa, tukasogea.

Zamu yetu ilifika saa tano kasorobo. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa Pwani anajua maana yake: bamvua. Siku za bamvua maji ya kwetu hupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka karibu adhuhuri, na pale Kilindini, feri inakovuka, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Babu yangu alikuwa mvuvi. Angelisikia mjukuu wake amekwenda kwenye maji bila kuhesabu mwezi, angelinizaba kofi mbele ya watoto wangu.

Ninavyoielewa leo ni hivi. Barabara inateremka kuelekea majini, kisha ulimi wa feri, lile bamba la kupandia, unapanda. Pale vinapokutana pamekunjika kama kiwiko. Maji yakijaa unapandia juu, kwenye saruji kavu. Yakipwa unashuka mpaka chini kabisa, kwenye utelezi wa mwani, ndipo ukikute hicho kiwiko. Magurudumu ya mbele yakiupanda ulimi na ya nyuma yako kiwikoni, pua inanyanyuka na mkia unashuka. Gari dogo halijali, halina mkia. Kobe anao.

Kwanza nilisikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta jembe kwenye sakafu. Halafu kishindo. Halafu kimya, maana nilishtuka nikaachia klachi, gari likazima. Keria ilikuwa imekaa kwenye saruji. Bomba la tangi lilikuwa limekatika.

Lita 40, ndugu zangu. Maji ya vyombo vya juzi na jana, tangu tulale Kilifi. Maganda ya vitunguu, punje za wali, magamba ya tafi. Yakapita chini ya gari yakateremka mpaka kwenye ulimi wa feri, mbele ya abiria wa miguu waliokuwa wanapanda kando yetu. Watu wakaruka. Mama mmoja akanyanyua buibui lake kwa vidole viwili, akaniangalia, hakusema kitu. Angelinitukana ningepata nafuu.

Vijana wa feri hawakunicheka, nawashukuru mpaka leo. Mmoja mwenye fulana ya kung'aa akainama, akachungulia, akasema, "Mzee, shusha watu, shusha mizigo ya nyuma." Tukashusha mtungi, tukashusha mapipa, watoto wakashuka na mama yao. Wanne wakaning'inia bampa ya mbele. Nyuma ikanyanyuka vidole viwili hivi. Nikawasha, nikapanda polepole kama bibi harusi. Kuvuka kwenyewe hakufiki hata dakika kumi, lakini zile dakika nilizikaa kwenye usukani bila kugeuza shingo.

Kabla hatujagusa ng'ambo, simu ya mke wangu ikalia. Grupu ya ukoo. Shemeji alikuwa amerekodi yote kutoka dirishani mwake, sekunde 43, na chini ameandika: "Kobe anataga."

Diani sitaisimulia. Bahari ni ileile. Kurudi tulipita Dongo Kundu. Mimi sikusema neno, na shemeji hakusema neno, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma zaidi.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi vijana mnaonitumia picha za taa za rangi na mapazia. Mnanunua pazia kabla ya kununua futi ya kupimia. Gari la kulala si gari lenye kitanda. Ni mzigo mrefu, mzito nyuma, na mwenye kulijua ni yule aliyelala chini yake na tochi. Lala chini. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka mwisho wa mkia. Pima kutoka ardhini mpaka kitu cha chini kabisa cha huko nyuma, na upime likiwa limejaa maji, gesi na watu, si likiwa tupu karakana. Mimi nililipima tupu. Seremala mzima, miaka 20 ya kazi, nilimpimia mke wangu ubavu nikasahau kulipima gari langu likiwa na mzigo.

Pili, tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, usipeleke mkia mrefu kwenye feri saa nne au saa tano asubuhi. Nenda alfajiri au nenda alasiri, maji yamejaa. Siku za maji mafu, kujaa na kupwa kukiwa kudogo, hujali sana saa. Kama hujui mwezi uko wapi, muulize mvuvi. Kama humjui mvuvi hata mmoja, basi muulize yeyote anayeuza samaki.

Gesi ifunge kwenye mtungi wenyewe, usiridhike na kufunga jiko. Tangi la maji machafu limwage kabla ya safari, mahali panapostahili, lisiende safari nawe kama mgeni. Na gari likishasimama ndani ya feri: breki ya mkono, injini zima, gia ndani, kigingi nyuma ya tairi. Hapa sina mzaha. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatoka kwenye feri pale pale Likoni, likazama na mama na mwanawe, na Pwani nzima tulikaa karibu wiki mbili tukisubiri watolewe. Na waliokuwa wakubwa 1994 hawajasahau feri ya Mtongwe iliyoondoka na watu 272. Ukiona mtu anazungusha muziki na kucheza juu ya feri, mwambie azime, kisha umwonyeshe kigingi.

Na mkia, tena. Pima mkia.

Baada ya aibu ile nilirudi karakana nikafanya mambo mawili. Tangi nikalihamishia katikati, kati ya ekseli mbili, ambako lilipaswa kuwa tangu mwanzo. Kisha nikakata mbao mbili za mvule, futi tatu kila moja, upana wa tairi, unene inchi mbili, ncha zote mbili nimezichonga mteremko. Ukifika kiwikoni unaziweka chini, magurudumu ya nyuma yanazipanda, mkia unapata inchi mbili za bure. Inchi mbili ndizo zilizonikosesha heshima Likoni.

Agosti 2025 nikamchukua Kobe mpaka Tanzania. Mambo ya mpakani ni makaratasi tu, kadi ya njano ya bima usiisahau. Tulipita Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, tukafika Pangani, ambako wakati ule mto ulivukwa kwa kivuko kwenda Bweni ukielekea Saadani. Tulifika adhuhuri. Nikashuka kwa miguu mpaka ukingoni, nikatazama. Maji yalikuwa chini. Nikarudi, nikatandika mkeka kivulini, mke wangu akapasha wali.

Watu walinishangaa. Magari yanapita, yanapanda, sisi tunakula. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia nasubiri maji. Mzee mmoja aliyekuwa ananoa panga karibu yetu akainua kichwa, akasema, "Huyu ni mtu wa pwani." Sijasifiwa maishani kama nilivyosifiwa siku ile, na yule mzee hata jina langu hajui.

Saa tisa u nusu maji yalikuwa yamepanda. Nikaweka mbao zangu, nikapanda. Hakuna mkwaruzo, hakuna tone. Mke wangu nilimwambia mapema arekodi kila kitu, akarekodi mpaka ng'ambo, nikaituma kwenye grupu ya ukoo bila maneno yoyote. Watu wawili waliweka dole gumba. Shemeji alijibu kwa kuituma tena ile ya Likoni.

Kwa hiyo, ndugu wa Nakuru: Lamu njoo mchana, ukisimamishwa na polisi njiani fuata wanachokuambia, fika Mokowe jua likiwa bado juu, na chukua begi dogo kwa sababu gati ina ngazi na boti haina nafasi ya jiko lako. Kama baada ya Lamu mtashuka Diani na watoto wanataka kuiona feri, niandikie tarehe kamili nikutazamie mwezi. Mbao za mvule bado ninazo karakana. Ukipita Malindi siku yoyote ila Ijumaa mchana utanikuta, ila lete kipimo cha upana wa tairi zako, na kipime likiwa na mzigo.