Je, lignini huchomwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia huku Muhoroni. Mwanafunzi wangu ameandika katika mradi wake wa makapi ya miwa, kuhusu lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha nyuzi za mmea: "Lignini huchomwa pamoja na chachu mpaka mafuta yatoke." Mwenzangu wa Kiswahili haoni kosa. Mimi nimekata "huchomwa", kwa kuwa mle mtamboni hamna hewa, basi hakuna kinachoungua. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, umekata panapostahili, ila sababu uliyoitoa haitoshi. Kiswahili hakidai hewa ndipo kitu kichomwe. Watazame wachomaji makaa: hupanga magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, kisha wakashinda wakiziba kila ufa unaofuka, maana hewa ikipenya wataambulia jivu. Kazi nzima ni kuunyima moto hewa, na bado twaiita kuchoma makaa. Hiyo ni pirolisisi tayari, yaani kuvunja kitu kwa joto bila hewa, tena ya tangu jadi.

Lakini angalia yambwa, yaani kile kinachotajwa kuwa kimechomwa. Hatusemi wamechoma magogo. Twasema wamechoma makaa, kama tusemavyo kuchoma matofali au kuchoma chokaa. Linalotajwa ni zao. Ukitaja kilichoingia motoni, kwa mfano kuchoma kuni au kuchoma takataka, msikilizaji anaona jivu. Ndivyo "lignini huchomwa" inavyosikika, na ndivyo viwanda vya sukari vinavyofanya kweli: makapi hutupwa kwenye boila, lignini ikiwa ndani, ili kupata mvuke. Mradi wa kijana wako unakwenda kwingine. Aandike "hupashwa joto bila hewa", aongeze kiwango chenyewe, nyuzi 500 za selsiasi hivi, ambapo molekuli kubwa za lignini huvunjika zikawa mvuke, nao mvuke ukapozwa upesi ukawa kimiminika.

Kinachonikera zaidi, na ambacho nyote wawili mmekipita, ni "mpaka mafuta yatoke". Mafuta hutoka kwenye alizeti kwa sababu yalikuwamo, ukikamua, yanatiririka. Ndani ya lignini hamna hata tone. Joto ndilo linaloyaunda, kwa hiyo lignini hugeuzwa kuwa mafuta. Na hayo mafuta yenyewe yana maji, yana uchachu wa asidi, yamejaa oksijeni, na hayakubali kuchanganyika na dizeli. Jina limekwisha kushika, sitaligombania.

Chachu nayo haifai kabisa. Chachu ni hai, na kwenu Muhoroni mnaijua kazi yake: huigeuza molasi kuwa spiriti. Ingefika nyuzi 500 ingekufa zamani. Kinachotiwa kwenye pirolisisi mara nyingi ni zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, na jina la kazi yake ni kichocheo: huharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Mvuke ukipita humo, oksijeni huondolewa ikiwa maji, kaboni monoksaidi na kaboni dayoksaidi, na kinachobaki hukaribia hidrokaboni za petroli.

Basi sentensi iwe hivi: "Lignini hupashwa joto bila hewa, pamoja na kichocheo, ikageuka kuwa mafuta."

Kama mwanafunzi atasikitikia kitenzi chake, kuna mahali pa kukirudisha. Vitundu vya zeolaiti huzibwa na masizi kadiri kazi inavyoendelea, kichocheo kikadhoofika. Ili kukisafisha hupitishwa hewa ya moto, na hapo masizi huchomwa.