Chuo kidogo au chuo kikuu cha utafiti? Tunajibu wanaoomba Marekani

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM, na anataka kusoma fizikia Marekani. Kwenye orodha yake kuna Williams na Grinnell, vinavyoitwa vyuo vya sanaa huria. Sanaa na fizikia wapi na wapi? Na si vyuo vya kati hivyo?
Mzazi, Tabora

JIBU: Mzazi, hapo jina ndilo linalopotosha. Kwa Wamarekani, sanaa huria ni masomo ya msingi yote kwa jumla: fizikia, hisabati na biolojia vimo, sawa na historia na falsafa. Na si vyuo vya kati. Vinatoa shahada ya kwanza kamili ya miaka 4. Ambacho kwa kawaida havina ni uzamivu, na faida yao kubwa inatokana na hilo hilo. Profesa hana mwanafunzi wa uzamivu wa kumwachia darasa wala wa kumshikia kazi za maabara, kwa hiyo anafundisha mwenyewe, anasahihisha mwenyewe, na akitaka msaidizi wa utafiti anamchukua binti yako. Jennifer Doudna, mshindi wa Nobel ya kemia ya 2020, alipata shahada yake ya kwanza Pomona, chuo cha aina hii huko California.

Pale Williams, chenye wanafunzi kama 2,000, kuna kozi ambazo wanafunzi wawili hukutana na profesa kila wiki. Wiki hii mmoja anasoma insha yake ya kurasa tano hadi saba, mwenzake anaihoji. Wiki ijayo wanabadilishana. Hakuna pa kujificha. Baadaye, profesa huyo akiandika barua ya mapendekezo, ana cha kusema.

Linganisha na chuo kikuu cha utafiti: Chuo Kikuu cha Michigan kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Kemia ya mwaka wa kwanza husomwa ukumbini na mamia ya watu, kisha vikundi vya mjadala na maabara husimamiwa zaidi na wanafunzi wa uzamivu. Lakini vifaa ni vya hali ya juu, na mwanafunzi mwenye kasi anaweza kuingia hata kozi za uzamili. Kwenye chuo kidogo kozi ya juu ya fizikia huenda ikafundishwa mara moja tu kila miaka miwili, ukiikosa, imekupita. Kwa hiyo msitegemee orodha ya kozi iliyo kwenye tovuti. Tafuteni ratiba halisi za miaka miwili iliyopita, mhesabu kozi za fizikia zilizofundishwa kweli.

Jambo moja zaidi: Amherst, chuo kingine cha aina hii, na Williams hutoa shahada ya kwanza ya aina moja tu, B.A. (shahada ya sanaa), hata kwa mwanafizikia. Atakaporudi aje na nakala rasmi ya matokeo inayoonyesha kila kozi, kwa sababu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na waajiri wataitaka.

SWALI: Nataka uhandisi. Nimeona mpango wa miaka 3 chuo kidogo na 2 chuo kikubwa. Unafaa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Una tundu kubwa: msaada wa fedha wa chuo cha kwanza hauhami nawe, na wageni wengi hukwama mwaka wa nne. Omba Swarthmore, Smith au Lafayette, ambavyo vina uhandisi wao wenyewe, au nenda chuo kikubwa moja kwa moja.

SWALI: Nimepewa udhamini wa dola 25,000 kwa mwaka. Nikubali?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Usiangalie ulichopewa, angalia kinachobaki. Jumlisha ada, malazi, chakula, bima, vitabu na nauli. Kwenye vyuo vingi binafsi jumla imepita dola 80,000 kwa mwaka, kwa hiyo unabakiwa na zaidi ya 55,000, mara nne. Kazi za chuoni, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, hazitaziba pengo hilo.

Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida havimpi mgeni wa shahada ya kwanza msaada kwa kigezo cha uhitaji. Ndiyo maana kwa kijana asiye na fedha chuo kidogo tajiri mara nyingi ndicho mlango halisi. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa familia wanapochagua, hata kwa wageni, na hufidia uhitaji wote wanaoukokotoa. Vingine hufidia pia, lakini ombi la msaada hupunguza nafasi ya kuchaguliwa. Huko omba msaada tangu mwanzo, maana vingi havimruhusu mgeni kuuomba baadaye.

Uliza pia nani hulipa utafiti wa likizo. Nafasi za REU, yaani za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazogharamiwa na serikali ya Marekani, ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Kama chuo hakina fungu lake linalomlipa mgeni, maabara nzuri utaiona dirishani.