Vitafunio vya wageni bila kuwasha jiko

Dada, wageni 20 jioni na gesi imeisha, wala usihangaike. Anza na tende. Toa kokwa, sokomeza korosho moja ya kukaanga ndani, panga kwenye sinia. Hazihitaji friji na zinaisha kabla hujamaliza kukaribisha watu.

Kingine ni tango. Kata vipande vinene kama kidole, usimenye, juu weka kijiko kidogo cha samaki wa kopo (jodari) uliyemchuja mafuta na kumchanganya na kitunguu, pilipili hoho, ndimu na mayonezi kidogo. Samaki huyo kashapikwa kiwandani, kwa hiyo hakuna cha kuchemsha. Ila paka siku hiyohiyo dakika za mwisho, maana tango linatoa maji na kila kitu kinateleza. Mchanganyiko ukae kwenye friji, na kwa joto hili la Dar usiache mezani zaidi ya saa moja. Toa sahani ndogondogo, ongeza zikipungua.

Parachichi lililopondwa juu ya biskuti za chumvi nalo linapendwa. Kamulia ndimu ya kutosha lisigeuke rangi.

Embe bichi na pilipili ya unga wala sihesabu, hiyo kila mtu anaijua, lakini weka tu, watoto watakushukuru. Matunda pitia soko la Kisutu au Buguruni asubuhi. Soseji za pakiti achana nazo kama huna pa kuzipasha.