Mwalimu, Binti Yangu Anasoma Kitabu cha Wachawi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza samaki Masese, hapa Jinja, na nina watoto wanne. Binti yangu wa pili yuko P7, darasa la saba, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni mwaka huu. Juzi nilipokuwa nakunja shuka zake nilikuta kitabu cha Harry Potter chini ya mto. Ameazima kwa rafiki yake. Mwenzangu wa kanisani alipoona jalada aliniambia nikichome, kwamba kinafunza watoto uchawi. Sikukichoma, maana si mali yetu. Nilipomwuliza mtoto kina funzo gani, alinyamaza kimya. Je, kina funzo lolote, au nimwambie akirudishe? (Mama, Masese)

JIBU: Marahaba, mama. Umefanya vyema kutokichoma, na hata kingekuwa chenu ningekuomba usikichome.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililowashtua. Sisi tukisema mchawi hatufikirii mtu wa hadithini. Tunamfikiria jirani anayesemwa vibaya usiku, mjane anayefukuzwa shambani kwake, mtoto aliyetoka shule asifike nyumbani. Nchi hii yetu ya Uganda ina sheria ya uchawi tangu 1957, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyingine ya kukataza kutoa watu kafara. Sheria kama hizo hazitungwi kwa sababu ya ngano. Kwa hiyo usimkasirikie mwenzako, hofu yake ina mizizi hapa hapa kwetu. Ila mwambie hivi: ndani ya kitabu hicho, anayeua watu ili yeye asife ndiye adui, kuanzia kitabu cha kwanza hadi cha saba. Yale mengine ya ufagio unaoruka na kijiti kinachotoa mwanga ni ndugu wa pete ya jini na zimwi lenye vichwa saba, tulivyosimuliwa na mabibi zetu nasi tukaenda kulala bila kumroga mtu.

Sasa funzo. Binti yako alinyamaza, na namwelewa. Kwa miaka 22 niliandika ubaoni, kila baada ya hadithi, "Hadithi hii inatufunza nini?" Darasa zima linajibu kwa pamoja: tuwe watiifu. Hakuna aliyefikiri, nami pia sikufikiri.

Niliacha swali hilo siku moja ya Jumamosi, pale Walukuba. Tulikuwa na klabu ya kusoma na nakala moja tu ya kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950, kile cha watoto wanne wanaoingia kabatini wakatokea kwenye nchi ya theluji, Narnia. Mgongo wake ulikuwa umeachana, tukaushona kwa uzi wa nyavu. Tulifika mahali kijana anayeitwa Edmund anapokutana na malkia mchawi. Malkia anamlisha Turkish Delight, kitu cha ukoo mmoja na haluwa. Anakula, anataka zaidi, na mwisho anakwenda kuwachongea kaka yake na dada zake wawili. Nikawauliza watoto: hapa Walukuba, malkia angekuja na nini? Mmoja akasema kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi. Mwingine akasema simu yenye bando. Msichana mmoja aliyekuwa ameshika kitabu akasema polepole, "Mimi ningewauza kwa soda baridi." Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanajipima.

Nami nilikuwa najipima. Mimi nilizaliwa Jinja, na utoto wangu ni wa miaka ya sabini. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, viwanda vyao vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora, na sukari ikawa kitu cha kupangia foleni alfajiri, ingawa mashamba ya miwa tuliyaona kwa macho. Mama alificha nusu kilo ndani ya sufuria, juu ya kabati, kwa ajili ya uji wa baba aliyekuwa mgonjwa. Nilipanda kwenye kiti nikalamba kidole kimoja, kikafuata cha pili, nikashuka baada ya kumaliza robo yake. Mama alipouliza, nilimtazama mdogo wangu. Sikutamka neno. Nilimtazama tu, na mama akayafuata macho yangu. Alichapwa yeye. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, niliposoma habari za Edmund mara ya kwanza, na ilinibidi nifunge kitabu nikatoke nje. Baadaye nilijua kwamba kitabu kile kilipotoka, Waingereza nao walikuwa bado wanagawiwa peremende kwa kipimo tangu wakati wa vita, hadi 1953. Msomaji mtoto wa kule aliielewa njaa ile ya utamu kama nilivyoielewa mimi.

Edmund anasamehewa, lakini kuna anayemlipia: simba Aslan anakubali kuuawa badala yake. Mwenzako wa kanisani atapenda kusikia kwamba Lewis alikuwa Mkristo, na alijua alichokuwa anaandika.

Cha binti yako ni hicho hicho, kwa njia nyingine. Harry ni yatima wa miaka 11. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1997, anakuta kioo kinachomwonyesha mtu kile anachokitamani kuliko vyote, naye anawaona wazazi wake wamesimama nyuma yake. Anarudi kukaa mbele yake usiku baada ya usiku, mpaka mwalimu mkuu anamwonya kwamba watu wamepotelea hapo. Angalia jambo hili, mama: shule nzima ya miujiza, na hakuna hata mmoja anayeweza kumrudisha maiti. Yule adui anaivunja roho yake vipande ili kifo kisimpate, na anazidi kuharibika. Waganda wanayajua haya kwa Walumbe. Nambi, mwanamke wa kwanza katika ngano yao, aliposhuka kutoka mbinguni aliambiwa asirudi, akarudia ulezi wa kuku, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamfuata duniani. Kaka yao Kayikuuzi alitumwa kumrudisha juu, watoto wakapiga kelele walipoambiwa wanyamaze, naye Walumbe akatokomea ardhini. Mpaka leo watu wanaonyeshana mashimo ya Ttanda.

Kwa hiyo usiulize funzo. Kaa naye wakati mnaparua samaki, umwulize ni wapi alisimama kusoma, ni nani alimkasirisha, na yeye angekiona nini kwenye kile kioo. Swali hili la mwisho, uwe tayari kulijibu wewe pia. Kuhusu PLE, mwekee saa: kitabu baada ya masomo, na taa izimwe saa nne. Wengi niliowafundisha walijifunza kusoma kwa kasi kwa njia hiyo kuliko kwa karatasi za majaribio.

SWALI: Mwalimu, niko S2, kidato cha pili, hapa Arua. Kwa nini mashujaa wa vitabu hivi ni watoto wa Ulaya tu? Nataka kuandika cha kwetu, lakini rafiki zangu wanasema sisi hatuna hadithi za namna hiyo. (Kijana, Arua)

JIBU: Rafiki zako wamekosea, mwanangu. Mtafute Nnedi Okorafor, kitabu chake Akata Witch cha mwaka 2011. Sunny, msichana mwenye ualbino anayeishi Aba, Nigeria, anagundua kwamba lile wanalomcheka nalo ndilo lenye nguvu zake. Na katika ulimwengu wake, mtu akijifunza jambo jipya, fedha zinaanguka kutoka hewani. Huwezi kuzipata kwa kuiba wala kwa kujuana na mkubwa. Kwa Kiswahili, Shaaban Robert alikwisha kuijenga nchi nzima inayoelea angani, Kusadikika, mwaka 1951, na humo mtu anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria.

Na wewe uko jirani na Pakwach, unasema hakuna hadithi! Katika ngano ya huko, Gipir alichukua mkuki wa ndugu yake Labongo, akamchoma tembo, tembo akaondoka nao. Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, akataka ule ule. Gipir akaufuata porini hadi kwa bibi kizee, akarudi nao pamoja na shanga. Kisha mtoto mchanga wa Labongo akameza ushanga mmoja, na Gipir naye akautaka ule ule. Unajua kilichofuata kwa mtoto.

Usiandike kuhusu mkuki, mwanangu, wazee wamekwisha kuusema. Andika kuhusu mama wa yule mtoto. Katika masimulizi niliyoyasikia hakuna anayemtaja jina. Ukimaliza sura ya kwanza, iandike kwa mkono kwenye daftari, acha mstari mmoja mtupu baada ya kila mstari ili nipate pa kusahihisha, uilete hapa kwetu. Nitaisoma.